UZI: Fes, Marrakech na miji ya Waamazigh (Waberberi) – kutembea bila kupotea wala kulizwa

Mchoraramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, nyuzi nyingi za Morocco huishia kwenye picha ya lango la buluu na kilio cha "tulizungushwa mpaka basi". Huu ni wa mambo ya kutumia. Naanza na Fes el-Bali, yaani medina (mji wa kale wenye kuta) ya Fes, maana aliyeielewa Fes haoni shida Marrakech. Wenye ujuzi wa ngozi, ujenzi na upande wa Algeria waongeze.

Fes haisomwi kwa majina ya mitaa. Inasomwa kwa mteremko. Mji umekaa bondeni kufuata maji: Idris wa Kwanza alianzia ukingo wa kulia wa mto mwaka 789, mwanawe Idris wa Pili akajenga ukingo wa kushoto mwaka 809. Wakimbizi wa Cordoba (Waandalusi, kutoka Hispania) wakakaa upande mmoja, watu wa Kairouan (Tunisia ya leo) upande wa pili. Ilikuwa miji miwili, kila mmoja na ukuta wake, hadi nasaba ya Wamurabituni ilipoiunganisha karne ya 11.

Sasa kwa miguu. Bab Bou Jeloud iko juu, magharibi. Lango unaloliona ni la mwaka 1913 tu, buluu upande wa nje na kijani upande wa ndani, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni la kale. Ukishaingia kuna njia mbili zinazoshuka: Tala'a Kebira kushoto, Tala'a Sghira kulia. Zote zinakufikisha karibu na msikiti wa Qarawiyyin, kama kilomita moja na nusu. Chini zaidi, penye mto, ni uwanja wa R'cif, ambako teksi na mabasi yanafika. Ukipotea, usitoe simu kwanza, sikiliza magoti. Unashuka? Unaelekea R'cif. Unapanda? Unarudi Bou Jeloud.

Angalizo ambalo wengi wanalisahau: kanuni hiyo ni ya upande wa Qarawiyyin tu. Ukishavuka mto, ukingo wa Waandalusi unapanda tena, na ukiendelea kupanda utatokea Bab Ftouh, kusini-mashariki, mbali kabisa na hoteli yako.

Kuhusu simu: vichochoro ni vyembamba, kuta ni ndefu na sehemu nyingi zimeezekwa, hivyo ishara ya setilaiti inagonga kuta na kukuonyesha uko mtaa wa jirani. Pakua ramani mapema uitumie kujua uelekeo tu. Halafu angalia vibao vya ukutani: chenye pembe sita maana yake kichochoro hakipenyi, cha mstatili kinapenya. Neno *derb* nalo kwa kawaida ni kichochoro cha makazi kinachoishia mlangoni kwa watu. Kijana akikuambia "njia imefungwa, pita huku", kilichofungwa mara nyingi ni msikiti kwa wasio Waislamu. Njia iko wazi.

---

KijanaWaMagomeni

Asante mkuu, umeshuka nondo. Maswali matatu: niende mwezi gani, mwongozaji ni lazima, na teksi ya kutoka stesheni isinile hela nifanyeje?

---

Mchoraramani

Machi hadi Mei, au mwishoni mwa Septemba hadi Novemba. Julai na Agosti joto linafika nyuzi 40, na lile bonde halina upepo. Desemba hadi Februari baridi ya usiku ni ya kweli, na nyumba za kale zimejengwa kupambana na jua, baridi hazikujali. Ukilipia chumba majira hayo uliza neno moja tu: kuna kipasha joto *chumbani*, au kiko sebuleni?

Mwongozaji si lazima. Ila kwa nusu siku ya kwanza ana thamani, mradi awe na kitambulisho cha wizara ya utalii shingoni. Vishoka wapo, na serikali ina polisi wa utalii wasiovaa sare wanaowakamata. Ndiyo sababu kishoka hutembea hatua kumi mbele yako kama hamjuani. Ukiona mtu anakuongoza hivyo, tayari umeshajua ni nani. Mwongozaji halali mpangie tangu mwanzo: saa ngapi, sehemu zipi, na maduka mangapi. Ukisema "sifuri" atakuelewa, ila bei yake haitashuka, kwa kuwa kamisheni ya dukani ni sehemu ya kipato chake.

Teksi ndogo za Fes ni nyekundu, zina mita, na hazichukui zaidi ya abiria 3. Mkiwa wanne mnahitaji mbili, usibishane. Kuanzia saa 2 usiku nauli inaongezeka kwa nusu, hiyo ni halali. Anayekataa mita muache, tembea mita mia moja nje ya geti la stesheni usimamishe inayopita. Teksi kubwa ni kama mchomoko wetu: abiria 6, inaondoka ikijaa, na ukitaka nafasi ya mbele bila kubanwa unalipia viti viwili.

Gari haliingii ndani. Mwambie mwenye nyumba akutumie mtu langoni, au mkodi mwenye mkokoteni, wenyewe wanaita *karossa*, na bei mkubaliane kabla begi halijapanda.

---

BintiShela

Hamjambo wote. Kwa aliyezoea Lamu, nusu ya Fes ataielewa bila kuambiwa: punda, vichochoro, nyumba zilizoupa mtaa mgongo na kuelekeza uso ndani. Tofauti ni mteremko na mzigo. Punda wa Fes na nyumbu wake hubeba mitungi ya gesi, ngozi mbichi, kreti za soda, na hawasimami. Ukisikia "balak!" maana yake "pisha!". Simama kwa ubavu, mgongo ukutani, mkoba mbele ya kifua. Usijibanze mkabala na mtu mwingine, mtaacha upenyo mdogo kuliko shogi. Mawe yameng'azwa na miguu ya karne nyingi; mvua ikinyesha, kiatu cha soli ya ngozi ni teleza tupu. Vaa mpira.

Jambo la msamiati: *riad* kwa asili ni nyumba yenye bustani ndani. Isiyo na bustani, yenye ua tu, ni *dar*. Siku hizi kila nyumba ya wageni inaitwa riad kwa biashara. Vyumba vyote vinatazama ua wa ndani, kwa hiyo sauti ya kijiko chini unaisikia juu. Mwenye usingizi mwepesi aombe ghorofa ya juu, mbali na jiko.

Misikiti: Morocco wasio Waislamu hawaingii, isipokuwa michache kama msikiti wa Hassan wa Pili ulioko Casablanca. Muislamu anaingia. Lakini mgeni aweza kuulizwa mlangoni, na jibu rahisi ni salamu kamili na shahada, bila hasira. Wao ni wa madhehebu ya Maliki, wengi husali mikono imeshuka na hutoa salamu moja; msishangae wala msiwasahihishe. Qarawiyyin wanasema ilijengwa mwaka 859 na Fatima al-Fihri, binti wa mhamiaji kutoka Kairouan. Asiye Muislamu ataona ua kupitia milango, kisha aende madrasa ya Attarine iliyo jirani (1325), anaruhusiwa. Madrasa ya Bou Inania pia anaruhusiwa, ila ina msikiti unaosaliwa, hivyo hufungwa nyakati za swala. Tenga dirham 20 hadi 50 kwa kila mahali pa kiingilio.

Na msije mkashangaa kuitwa "Senegal! Senegal!" Sheikh Ahmad al-Tijani amezikwa Fes, alifariki 1815, na wafuasi wa tarika yake kutoka Afrika Magharibi huja kumzuru mwaka mzima. Mweusi mwenye kanzu pale si kioja, ni mteja.

---

Fundi_Ngozi

Niachieni Chouara, kwenye mashimo ya ngozi. Kwa Kiarabu chao ni *dar dbagh*, na mwenye Kiswahili cha kale atalitambua neno dabaghi humo.

Mashimo meupe ndiyo kazi yenyewe. Ngozi mbichi ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia inalowekwa kwenye maji ya chokaa siku kadhaa. Chokaa inalegeza manyoya, kisha yanakwanguliwa. Ngozi ikitoka hapo ni ngumu na imejaa chokaa, ndipo inapoingia kwenye mavi ya njiwa. Amonia yake inaondoa chokaa, na vimeng'enya vinalainisha nyuzi za ngozi. Mafundi wanaikanyaga kwa miguu humo. Hiyo ndiyo harufu mnayoilalamikia, na bila hiyo hakuna ngozi laini. Baada ya hapo ndiyo mashimo ya rangi, kisha kuanikwa juani juu ya mapaa.

Wauza duka watakuambia njano ni zafarani, nyekundu ni mpopi. Kwa desturi ndivyo, lakini zafarani kwa bei yake haiwezi kupaka makoti elfu. Rangi za viwandani zinatumika, na si aibu. Aibu ni kulipa bei ya zafarani.

Mashimo huonekana vizuri kutoka kwenye baraza za juu za maduka ya ngozi. Kupanda ni bure kwa mdomo. Kwa vitendo utapewa jani la nanaa, utaelezwa, utapitishwa dukani. Toa dirham 10 au 20 kwa aliyekueleza, shukuru, ondoka. Nenda kabla ya adhuhuri: jua limefika mashimoni na watu wanafanya kazi. Ijumaa mchana hapana, medina karibu yote inafunga.

Ukinunua:

Lowesha kitambaa cheupe, sugua sehemu ya ndani isiyoonekana. Rangi ikitoka sana, itatoka pia kwenye shati lako siku ya jasho. Kunja ngozi kwa nguvu. Mikunjo ikiacha nyufa nyeupe, rangi imepakwa juu tu. Kwenye *balgha*, yale makubadhi yao yaliyofunika vidole, geuza soli: itafute mishono. Iliyogundishwa kwa gundi juu ya kadibodi inaachana msimu wa kwanza wa masika.

Harufu ikiwa kali sana, ngozi haikuoshwa ikatosha. Ukiifunga kwenye plastiki ukaileta Dar au Mombasa, unyevu wa pwani utaiotesha ukungu ndani ya wiki. Ianike kivulini penye upepo siku nne tano, kisha uifunge kwa kitambaa. Juani itakakamaa.

---

KijanaWaMagomeni

Fundi umemaliza. Na vyungu vya tajini je? Nataka cha kupikia kweli, si cha kabatini.

---

Chokaa_na_Mawe

Basi usinunue kile chenye maua ya rangi kali. Baadhi ya gileziyo zake (ile rangi ya juu inayong'aa kama kioo) zina madini ya risasi, hicho ni cha kupakulia au cha ukutani. Cha kupikia ni cha udongo mtupu au chenye gileziyo ya kahawia isiyo na michoro, kizito chini. Ukifika nacho, kiloweke maji usiku kucha, kikaushe, pakaza mafuta ya zeituni ndani, kiweke kwenye oveni baridi kisha uwashe moto mdogo kama saa mbili, na kipoe humo humo. Anayekipachika kwenye jiko la gesi moto mkubwa siku ya kwanza anasikia "tak" kisha anapata mapande mawili. Weka bati la kutawanya moto chini yake.

Vyungu na vigae vya Fes vinatengenezwa mtaa wa Ain Nokbi, nje ya kuta, tanuri zikiwashwa kwa makapi ya zeituni. Hapo ndipo pa kuona *zellij*: fundi anachonga kila kipande kwa nyundo kutoka kigae kilichochomwa, ukingo wake wa nyuma akiupunguza kwa mshazari ili vipande vikae bega kwa bega bila pengo. Halafu anavipanga *kifudifudi*, uso chini, na kumimina plasta mgongoni. Yaani mchoro mzima anaujenga bila kuuona. Mashine haifanyi hivyo. Vigae vya mashine vina pengo sawasawa la saruji kati yake, ndiyo alama ya kuvitambua.

Marrakech nako mtaona kuta zinazong'aa kama jiwe bafuni, *tadelakt*. Ni binamu ya neru yetu: plasta ya chokaa inayosuguliwa kwa jiwe laini la mtoni, kisha kupakwa sabuni nyeusi ya zeituni. Sabuni na chokaa zinaungana kuwa kitu kisichopitisha maji. Ukiisafisha kwa siki au dawa za asidi umeiua.

---

Nahodha77

Niongeze kitu kimoja kuhusu ile Bou Inania. Aliyeijenga, kati ya 1350 na 1355, ni Sultani Abu Inan wa nasaba ya Wamarini. Ndiye huyo huyo aliyeagiza safari za Ibn Battuta ziandikwe. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier mwaka 1304, alisimulia, mwandishi Ibn Juzayy akaandika, na kazi ikakamilika Fes mwaka 1355. Maana yake maelezo ya Mombasa na Kilwa ya mwaka 1331, watu na misikiti ya mbao, yaliwekwa kwenye karatasi katika mji huu. Ukisimama ua wa madrasa ile, unasimama kwa bwana aliyelipia wino. Mkabala na lango kuna mabaki ya saa ya maji ya mwaka 1357, zile mbao zinazochomoza ukutani. Watu hupita hawatazami juu.

---

Mtu_wa_Soko

Wakuu mnaisifu Fes kama hakuna mji mwingine. Marrakech ina ndege nyingi, chakula, uwanja wa Jemaa el-Fna. Mgeni wa mara ya kwanza mnampeleka kunusa mavi ya njiwa?

---

Mchoraramani

😄 Hoja yako nimeipokea, nusu. Marrakech ni tambarare, huwezi kupotea sana: mnara wa Koutoubia, kama mita 77, unaonekana karibu popote penye uwazi. Umejengwa na nasaba ya Wamuwahiduni karne ya 12, na mnara ndugu yake uko Seville, Hispania. Lakini kwa usumbufu Marrakech ndiyo kinara. Pale uwanjani:

Wapaka hina wanashika mkono kabla hujajibu. Weka mikono mfukoni. Wakikupaka nyeusi tii, hiyo si hina tupu, ina kemikali ya rangi ya nywele inayoweza kuunguza ngozi na kuacha kovu. Hina halisi ni ya kahawia au machungwa.

Wenye nyoka na nyani wanalipwa kwa picha, hata uliyoipiga kwa mbali. Ukitaka picha, kubaliana bei kwanza. Hutaki, usiinue simu.

Vibanda vya chakula: soma bei kwenye ubao, na mikate na zeituni vinavyoletwa mezani bila kuagiza uliza kama vinalipiwa.

Kabla ya kuingia sokoni pita Ensemble Artisanal, barabara ya Mohammed V. Ni maduka ya mafundi yenye bei zilizoandikwa. Si lazima ununue, unakwenda kupima uzito wa bei. Chai ukikaribishwa kunywa, haikufungi. Kinachokufunga ni kutaja bei: ukitaja na muuzaji akakubali, kuondoka ni utovu wa adabu, na hapo atakuwa na haki ya kukasirika.

Maneno yatakayokuokoa: *la, shukran*, *bshhal* ni "bei gani", *bezzaf* ni "nyingi mno". Na *safi* kwao ni "basi, imetosha", haihusiani na usafi. Ukimwambia mpaka hina "safi!" ukidhani unamsifu, atasimama kuchora.

---

Chokaa_na_Mawe

Kwa anayekwenda hadi Aït Benhaddou: si mji wa Waarabu, ni ksar ya Waamazigh, ngome ya udongo, urithi wa UNESCO tangu 1987. Kutoka Marrakech unapanda njia ya Tizi n'Tichka, kama mita 2,260, kona mfululizo, hivyo mwenye kutapika garini ale kidogo na akae mbele. Hesabu saa nne kwa gari. Safari ya kwenda na kurudi siku moja ni kukaa garini kwa saa nane ili kuwa pale kwa saa mbili tu, tena jua la utosi. Lala upande wa pili wa mto, uvuke asubuhi mapema kabla mabasi hayajafika.

Kuta ni udongo wenye changarawe na majani makavu, unashindiliwa kati ya mbao mbili, tabaka kwa tabaka. Mashimo ya duara mnayoyaona ukutani yalishika miti ya kufungia mbao hizo. Sehemu za juu, zenye mapambo, ni matofali mabichi. Adui ni maji: mvua ikipenya juu ya ukuta, au unyevu ukipanda kutoka chini, ukuta unamomonyoka hadi unaanguka. Kwa hiyo lazima upakwe upya mara kwa mara, na familia zikihama, nyumba inakufa haraka. Msipande juu ya kuta kupiga picha. Juu kabisa ya kilima ni ghala la pamoja la nafaka.

Tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023, la ukubwa wa 6.8, liliharibu vibaya vijiji vya Atlas ya juu na msikiti wa Tinmel. Mkitaka kwenda vijijini huko, ulizeni kwanza barabara na malazi.

---

Mpemba_Mtafiti

Assalaam alaykum. Mmesahau M'zab, kusini mwa Algeria, kama kilomita 600 kutoka Algiers. Ghardaïa na nduguze wanne: El Atteuf, Bou Noura, Melika na Beni Isguen. Wakazi wa asili ni Waamazigh, na madhehebu yao ni Ibadhi. Kwetu Ibadhi tunamwazia Muomani, na hawa si Waarabu hata kidogo.

Kila mji umekaa juu ya kilima, msikiti kileleni na mnara wake uliotumika pia kama ulingo, nyumba zikizunguka kushuka hadi sokoni. Kwenye mashamba ya mitende, maji ya mafuriko hugawanywa kwa matundu yaliyopimwa, kila shamba na fungu lake.

Kanuni ni kali, na ni haki yao. Beni Isguen huingii bila mwongozaji wa pale pale. Watu hawapigwi picha, hasa wanawake, ambao hutembea na shuka jeupe lililoacha jicho moja. Sigara hapana, mabega na miguu vifunikwe. Mchana fika mapema, lango na ratiba ni vyao.

Na kwa Mzanzibari kuna undugu: Sheikh Muhammad Atfayyish wa Beni Isguen, aliyefariki 1914, tafsiri yake ya Qur'ani ilichapwa Zanzibar, kwenye mitambo aliyoileta Sultani Barghash. Kitabu kimeandikwa jangwani, kimepigwa chapa Unguja.

---

BintiShela

Maashallah, Mpemba, hilo la mitambo wengi hawalijui.

---

KijanaWaMagomeni

Naona siku 8: Casablanca usiku mmoja, Fes tatu, Marrakech mbili, Aït Benhaddou moja, moja ya akiba. Nitapanda treni. Na itaangukia Ramadhani, kuna tatizo?

---

Mchoraramani

Mgawanyo mzuri. Casablanca–Fes kwa treni ni kama saa nne, kata daraja la kwanza uwe na kiti chenye namba. Ile ya kasi, Al Boraq, haiendi Fes, ni ya Tangier–Casablanca.

Ramadhani: Morocco hutumia GMT+1 mwaka mzima, lakini mwezi huo saa inarudishwa nyuma saa moja. Hakikisha simu imebadilika, treni haikusubiri. Mchana mikahawa mingi ya medina imefungwa. Saa moja kabla ya futari teksi zinaadimika na madereva wana haraka mbaya, uwe umeshafika. Baada ya futari mji unaamka upya hadi usiku wa manane. Madrasa nyingi hufunga mapema alasiri, kwa hiyo panga majengo asubuhi, soko usiku.

Pesa: dirham hainunuliki kirahisi nje ya nchi na kutoka nayo kuna kikomo. Badilisha ukifika, na tunza risiti ya benki, ndiyo itakayokuruhusu kurudisha zilizobaki uwanja wa ndege. Medina ni noti ndogo ndogo. Ukiwa na 200 tupu, muuza juisi hatakuwa na chenji.

---

Fundi_Ngozi

Na kijana, balgha nunua namba moja chini ya kiatu chako. Ngozi ya mbuzi inatanuka.